Kilo Themanini na Moja

Mgongo wa baba ulikatika mwezi wa tatu,
bila kishindo. Aliinama kuokota nati
akabaki pale pale, kama mtu aliyeona sarafu
asiyejua ni yake ama ya nani.
Ndiye yuleyule aliyeng'oa injini ya lori
kwa mnyororo, boriti, na matusi matatu.

Na kisima nacho kikachagua mwezi huohuo.
Pampu imekwama mita arobaini na mbili chini,
mabomba saba yameungana kichwa kwa mkia,
kilo mia tatu kasoro, bila kuhesabu tope.
Kreni ya kukodi iko Trelew:
siku mbili za njia, bei ya kondoo ishirini,
na dereva lazima alale kitandani.

"Nélida," akasema baba, "leta chaki."

Akachora sakafuni, amekaa juu ya ndoo.
Mkono: bomba la kuchimbia mafuta
lililoachwa na kampuni iliyoondoka bila kuaga.
Shingo: habu ya lori, beringi zake bado nzima,
ili mkono ugeuke kama bundi.
Jeki ya mafuta ya kuunyanyulia.
Winchi ya kuzungusha kwa mkono, ya trela la boti
la daktari mmoja wa Madryn; tulimpa kondoo dume,
akauliza kama anauma.
Kapi moja. Kapi la pili likatoka kwa Gwilym,
jirani, ambaye hatoi kitu bila historia yake.

Landrova ikasimama uchi, bodi nyuma imevuliwa,
nikatoboa chesisi matundu manane.
Upepo wa Chubut hauvumi. Unaishi hapa,
sisi ndio wapangaji.
Mama akashika godoro kuukinga moto wangu,
nami nikalehemu nyuma ya maua ya godoro,
cheche zikitoboa mto aliouleta siku ya harusi.

"Imeshika," nikasema.
"Usiniambie. Nionyeshe."
Akagonga kwa nyundo, akasikiliza,
akaniambia nikate yote nianze upya.
Mara ya pili, vilevile.
Mara ya tatu alisikiliza kwa muda mrefu
halafu akaomba chai.

Jaribio la kwanza: marobota mawili ya sufu.
Landrova ikainua magurudumu ya mbele
kama mbuzi anayefikia majani.
Tukaiongezea miguu miwili ya reli ya garimoshi
ya kukanyaga chini pembeni.
Jaribio la pili: mawe. Ikatulia.

"Sasa mimi," akasema baba.
Mama akaweka godoro chini, hakutoa neno.
Tukamfunga tairi kwenye ndoano, akaingia,
akashika waya juu kwa mikono miwili.
Kilo themanini na moja, mizani ya kondoo haidanganyi.
Nikazungusha. Kwe. Kwe. Kwe.
Kisigino kikaacha ardhi, kisha vidole.
Upepo ukamgeuza polepole,
akatazama magharibi, akatazama banda, akanitazama mimi,
na nikasikia kitu, nikadhani ni kulehemu kwangu kunakatika.

Ni mgongo wake.
Pingili moja, halafu nyingine, kama mtu anayevunja kuni mbichi.
Nikashika breki. "Nikushushe?"
Alikuwa amefumba macho.
"Ngoja kwanza," akasema. "Ngoja."

Mabomba saba tuliyatoa Jumanne na Jumatano.
Kilichoziba ni mchanga, na kipande cha mkanda wa ngozi
ambacho kila mtu alikikana.
Kondoo wakanywa hadi matumbo yakalia kama madebe.
Gwilym akaja kuulizia kapi lake,
akaliona juu, akarudi nyumbani bila kulitaja.

Siku hizi jua likielekea milimani
baba hupiga bodi ya landrova mara mbili kwa kiganja,
nami najua. Natoa tairi bandani,
natega miguu ya reli, nashika mpini.
Waya unadondosha grisi kwenye kofia yake.
Ameshakataa kununua nyingine.